Eunike wa Hapana Zote

Mwaka ambao watu wa utafiti walipanda Old Moshi kwa mara ya kwanza, Eunike alikuwa darasa la nne, meno yake mawili ya mbele makubwa kuliko umri wake, na kijijini hakuna aliyejua utafiti ni mnyama gani. Wengine walisema ni chanjo. Wengine walisema kuna Wazungu wananunua mate ya watoto, na hao walikuwa na ushahidi, maana kila mtoto alipewa kichupa atemee, kisha kichupa kikafungwa kwa heshima na kulazwa kwenye boksi la barafu kama sangara wa Mwanza.

Mwishowe dada mmoja mwembamba kutoka mjini, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, alisimama mbele ya wazazi kwenye ukumbi wa usharika akaeleza. Jina lake Winfrida. Alisema wanataka kuwafuata watoto wale wale, mwaka baada ya mwaka, mpaka wawe watu wazima, wajue kwa nini kijana mmoja hunaswa na pombe, bangi au kamari, au anakuwa mtu wa vurugu, na mwenzake aliyekula naye sahani moja hanaswi.

"Kwa hiyo mnatafuta nani ataharibika," mzee mmoja akasema kutoka nyuma.

"Hapana, mzee wangu. Tunatafuta nini kinawaharibu, na kinaanza lini."

Mzee akaguna. Wazazi wakatia saini, wengine dole gumba, na kwa kweli soda zilizopangwa pale mezani zilisaidia sana sayansi siku hiyo.

Tangu hapo, kila kahawa ilipoanza kuiva, gari jeupe la utafiti lilipanda. Watoto walipimwa urefu na uzito, wakatema mate, wakajibu maswali, kisha wakacheza mchezo wa puto. Puto lilikuwa kwenye tableti. Ukiligusa linavimba kidogo na pointi zinaongezeka. Ukiona zinatosha, unachukua zako. Ukipitiliza, puto linapasuka, pah, na pointi zote zinakwenda na upepo. Eunike aligusa mara chache, akachukua chake, akakunja mikono kama mama mchungaji. Davis, mvulana wa kihamba cha jirani, shamba la migomba lililopakana na la kwao, alipasua yote, moja baada ya jingine, huku anacheka mpaka akaombwa atoke nje akatulie.

Majibu ya maswali yalikuwa siri, lakini siri ya mtoto wa darasa la nne haifiki hata nusu ya njia ya kurudi nyumbani. Umewahi kunywa pombe? Umewahi kuvuta sigara? Umewahi kupigana shuleni? Davis alijibu ndiyo, ndiyo na ndiyo, hata akaeleza kwamba pombe yenyewe ilikuwa mbege ya ubatizo wa mdogo wake na ilikuwa tamu. Baba yake aliposikia, alimchapa. Eunike alijibu hapana kila swali. Na yeye alikuwa ameonja mbege ile ile kwenye kata ya bibi yake, ila mama yake alikuwa amemfundisha kwamba mbege ya bibi si pombe, ni chakula.

Mama huyo aliitwa Rachel, mzee wa kanisa, mfugaji wa ng'ombe wawili wa maziwa, na mwanamke ambaye kwake swali lolote duniani lina jibu zuri na jibu baya. Alishuka mferejini kuchota maji akatangaza, "Mwanangu amepata hapana zote."

Ikawa hivyo. Kila mwaka wanawake walimuuliza, na kila mwaka Rachel aliwajibu hivyo hivyo. Jina likamganda binti: Eunike wa Hapana Zote. Winfrida alijaribu kurekebisha mambo.

"Mama Eunike, huu si mtihani. Hakuna anayefaulu wala anayefeli."

"Najua, mwanangu, najua kabisa," Rachel alimjibu huku akimfungashia ndizi za kupeleka mjini. "Ila amepata ngapi?"

Miaka ikasogea. Davis alimaliza kidato cha nne kwa shida, akaenda mlimani kubeba mizigo ya watalii, akawa mgumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita. Eunike alisomea ushonaji mjini. Alipohitimu mama yake alimnunulia cherehani, naye akaiweka kwenye baraza la duka moja la Majengo, akapanga chumba nyuma yake. Alikuwa fundi mzuri. Pindo lake lilikuwa limenyooka, zipu zake hazikuuma ngozi ya mtu, na Jumapili alipanda nyumbani kuimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana.

Siku aliyokutana na kindege, alikuwa anangoja pasi ipate moto. Mteja aliyekuja kupunguziwa suruali alikuwa ameinamia simu, anacheka peke yake.

"Nini hicho?" Eunike akauliza.

"Kindege. Kinapaa, namba inapanda nacho. Ukichomoa mapema, umekula. Ukichelewa kinayeyuka. Jaribu, dada, ni mara moja tu."

Eunike alitazama kile kindege chekundu kikikwea kioo, na moyo wake ukamwambia: mbona hili ni puto? Alijaribu. Akachomoa mapema, akala. Akajaribu tena, akala tena. Alijisikia kama mtu aliyesomea kazi hiyo tangu darasa la nne.

Kama angeshindwa siku ile, pengine angerudi kwenye pasi yake yakaisha. Lakini alishinda, tena kwa adabu, kidogo kidogo, na akajiona si mcheza kamari, ni mtu makini tu. Wiki ile alikuwa anacheza akingoja pasi. Baadaye akawa anacheza pasi ikiwa imeshapata moto, na suruali ya mwalimu mmoja ikapata alama ya pasi makalioni. Kindege kikaanza kuyeyuka mapema, naye akawa anakifuata, kwa sababu alichopoteza lazima kirudi, na kitarudije kama hakifuati? Alikosa mazoezi ya kwaya, akasema kazi ni nyingi. Wateja walikuta nguo zao hazijaguswa, akawaambia umeme ulikatika, mbele ya feni ya kinyozi jirani iliyokuwa inazunguka kwa raha zake.

Hakuwahi kuliita jambo hilo kwa jina. Walevi aliwajua, walikuwa na harufu. Wavuta bangi aliwajua kwa macho. Yeye mdomo wake ulinukia dawa ya meno.

Halafu akauza cherehani. Alimuuzia mwanamume wa vitu vya mtumba, akamwomba aiweke pembeni mpaka Ijumaa atakapoikomboa. Ijumaa ilifika, ikapita, ikafuatwa na Ijumaa nyingine. Chumbani kwake, juu ya kitanda, kilikuwa kimelala kitambaa cha satini rangi ya damu ya mzee, cha magauni ya wapambe wa binamu yake Evelyn, na harusi ilikuwa mwezi unaofuata. Kitambaa hakikuwa kimekatwa hata kipande.

"Cherehani iko kwa fundi," aliwaambia wote waliouliza. Ulimini, uongo huo haukuwa mgumu.

Hapo ndipo Winfrida alipompigia simu. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva.

*

Ukumbi wa usharika ulikuwa ule ule, na mbele ya mlango, kwenye jua, alikaa Davis, uso umebabuka na midomo imepasuka kwa baridi. Alikuwa ameshuka mlimani jana yake.

"We Hapana Zote!" akamwita. "Umekonda. Mjini hakuna ndizi?"

"Na wewe umeungua kama kiazi. Kule juu hakuna kivuli?"

"Kule juu hakuna kitu, mwanangu. Ndiyo maana Wazungu wanalipia."

Eunike alicheka, kicheko cha kweli cha kwanza kwa muda mrefu, akaitwa ndani.

Winfrida alikuwa ameongezeka mwili na miwani, lakini sauti ilikuwa ile ile ya redio. Eunike akampa shikamoo, akaketi, akaweka simu mezani. Maswali yakaanza. Pombe? Hapana. Bangi? Hapana. Mirungi? Hapana. Yalikuwa yanatoka yenyewe kama kiitikio cha zaburi.

"Mwaka huu tuna sehemu mpya," Winfrida akasema. "Inahusu michezo ya kubahatisha, hasa ya kwenye simu. Umewahi kucheza?"

"Hapana."

Simu ikatetemeka mezani, ikawaka: *Eunike, kindege chako kiko tayari kuruka!* Aliifunika kwa kiganja kama mtu anayeua nzi. Winfrida alikuwa anatazama migomba dirishani, kwa makini sana, kana kwamba hajawahi kuiona.

"Umewahi kuwaficha watu wa nyumbani kuhusu kucheza?"

"Hapana."

"Umewahi kuuza kitu ili upate cha kuchezea?"

"Hapana," Eunike akasema. Hiyo ilitoka na mkwaruzo, akakohoa kuifunika.

Likaja puto. Aligusa, likavimba. Zamani hapo ndipo angeishia. Akagusa tena. Kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe, shingo imekakamaa, na aliposikia pah hakusikitika. Alitaka jingine tu, upesi. Pah. Pah. Alipasua maputo yote aliyopewa. Alipoinua kichwa alikuta kwapa zimelowa na Winfrida anamtazama.

"Asante, Eunike," Winfrida akasema taratibu. "Una lolote la kuongeza?"

"Hapana, dada."

Nje walikuwa wanamsubiri, Rachel kwa tabasamu la kila mwaka na Evelyn kwa futi ya kupimia shingoni.

"Zote?" Rachel akauliza.

"Zote, mama."

"Sasa magauni yangu," Evelyn akadakia. "Wapambe wangu wanataka kujaribu Jumamosi. Cherehani imetoka kwa fundi?"

"Bado kidogo. Kuna kifaa kimekosekana."

"Kifaa gani?"

Eunike, ambaye angeweza kuifungua cherehani na kuifunga macho yamefumbwa, hakukumbuka jina la kifaa hata kimoja. "Kile cha chini," akasema, akaaga akiwa na haraka ya kwenda mahali pasipokuwepo.

Davis alimkuta kwenye mfereji, ameketi juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, simu mkononi. Alikaa jirani naye bila kuomba ruhusa, akavua viatu. Vidole vyake viwili vya mguu havikuwa na kucha.

"Kile cha chini," akasema.

"Niache, Davis."

"Nakuacha. Nataka tu kujua fundi ni nani, maana yule wa pale Majengo ni rafiki yangu, na jana nimemuuliza habari zako. Kasema hajakuona tangu mwaka jana."

Eunike akaigeuza simu kifudifudi pajani. Maji ya mfereji yalikuwa baridi, yanatoka juu huko huko Davis alikotoka.

"Mimi nikishuka mlimani," Davis akasema, "nilikuwa sifiki nyumbani. Naingia baa pale mjini na begi mgongoni. Nikitoka, hata soksi sina. Mama alikuwa ananiona nikirudi mlimani, sio nikirudi nyumbani. Nilimwambia Winfrida mwaka juzi."

"Ulimwambia?" Eunike akageuka. "Kwenye maswali?"

"Aliniuliza, nikasema ndiyo. Ulitaka nisemeje? Mimi hizo ndiyo haziniogopeshi, nimezizoea tangu darasa la nne." Akatikisa miguu majini. "Akanipa namba ya nesi mmoja wa mjini. Kuna kikundi. Nikaenda kwa sababu walisema kuna chai. Bado naenda. Mwezi wa nne niliteleza, nikalewa mpaka nikapoteza begi la mgeni, nikarudi kikundini nikasema ndiyo tena. Ndiyo hivyo."

"Wote walijua wewe ndiye utakayeharibika," Eunike akasema polepole.

"Na hawakukosea sana. Ila wewe wamekuonea. Hawakukuachia hata kosa moja la kujifunzia."

Eunike alitazama simu yake, na machozi yakamjia kwa kasi iliyomshangaza yeye mwenyewe. Davis hakujua afanye nini na mtu anayelia, akampa soksi yake moja. Ilikuwa safi, kwa bahati. Eunike alifuta uso nayo, akainuka, akapanda kurudi ukumbini bila viatu.

*

Winfrida alikuwa nyuma ya ukumbi na wenzake, wanakunywa mtori kwenye mabakuli kabla ya kufunga vifaa.

"Shikamoo tena, dada."

"Marahaba. Umesahau kitu?"

"Yale majibu yangu. Huwa yanafutwa?"

"Hayafutwi. Mwenyewe akitaka kuyarekebisha, anayarekebisha." Aliweka bakuli chini japo lilikuwa bado nusu. "Tuingie ndani."

Ndiyo ya kwanza aliisema akitazama sakafu. Ya pili ilikuja kwa urahisi zaidi, na ya tatu, ile ya kuuza kitu, ilikuja na maelezo marefu ambayo hakuna aliyeyauliza: cherehani, Ijumaa, satini, makalio ya suruali ya mwalimu. Winfrida aliandika kilichotakiwa kuandikwa, kisha akaizima tableti, akaisogeza pembeni.

"Nimewaharibia utafiti," Eunike akasema.

"Ungeniachia zile hapana ndipo ungeniharibia."

"Lakini mimi ndiye nilikuwa mfano mzuri."

"Nani alikwambia? Mimi?" Winfrida akatabasamu. "Eunike, miaka yote hii napanda huku, sijui hata mmoja wenu atafikia wapi. Ningekuwa najua, ningekaa mjini."

"Sasa mimi nimeshikwa na nini? Kwetu hakuna mlevi. Mama ananiombea asubuhi na jioni. Na nilikuwa nachukua chache, dada. Wewe si uliona? Nilikuwa nachukua chache."

"Nilikuona. Na hilo ndilo bado tunalitafuta. Kuna mambo ya damu, kuna ya nyumbani, kuna ya upweke wa chumba cha kupanga. Na kuna watu wenye akili nyingi waliokaa mahali wakaupanga mchezo ule ili ukikushika usikuachie. Wewe uliingia ulingoni peke yako na hao wote." Alitoa kalamu akaandika namba kwenye kiganja cha Eunike, kama wanavyofanya wasichana wa shule. "Nesi Margareta. Mpigie leo. Mama yako sitamwambia neno, hayo ni yako. Ila kama utamwambia, mwambie kabla ya Evelyn."

Rachel alikuwa kihambani anakata majani ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Eunike alimsimulia akiwa amesimama, mikono nyuma. Panga likaacha kukata.

"Umeuza cherehani."

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili ya kindege."

"Ndiyo."

"Kinabeba nini hicho kindege?"

"Hakibebi kitu, mama. Ni picha."

Rachel aliketi juu ya mzigo wa majani. Alitazama panga, akatazama migomba, akamtazama binti yake kuanzia miguu iliyokuwa peku hadi usoni.

"Na zile hapana za miaka yote?"

"Zilikuwa za kweli. Karibu zote."

"Karibu?"

"Ile mbege ya bibi."

"Hiyo si pombe," Rachel akasema upesi, kisha akajisikia anavyosema, na kitu kikampitia usoni ambacho kilianza kama kicheko na hakikuishia kuwa kicheko. Alijifuta kwa ncha ya kanga. Walibeba majani pamoja, wakalisha ng'ombe, na jioni alipopakua machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, alimwekea binti yake nyama yote iliyokuwemo sufuriani. Kesho yake mferejini, wanawake walipomuuliza amepata ngapi mwaka huu, Rachel alijitwika ndoo yake akasema, "Mwaka huu sikuuliza."

Nesi aliagiza akaunti ya kindege ifungwe na simu ikae mbali, kwa hiyo mama na binti walibadilishana: Eunike akachukua kitochi cha mama yake, simu ndogo ya vitufe, Rachel akachukua simu kubwa ambayo hakujua kuitumia. Kwa siku chache, kabla Davis hajafanikiwa kuzuia zile jumbe, simu ilikuwa ikimwita Eunike hata katikati ya sala ya jioni. "Mwambieni hayupo!" Rachel aliifokea, akaifunika kwa mto wa kochi.

Kwa Evelyn, Eunike alikwenda mwenyewe, na jani la sale mkononi, limefungwa fundo, kama wazee wa Kichagga wanavyofanya wakienda kuomba msamaha. Alilichuma kwenye mpaka wa kihamba chao. Evelyn alifungua mlango, akaliona jani, akashika kiuno.

"Unaniletea sale? Kama mzee wa ukoo aliyeua ng'ombe wa mtu?"

"Magauni sijayaanza," Eunike akasema. "Cherehani niliiuza, nikacheza kamari. Kitambaa kipo chote, sijagusa."

Evelyn alipiga kelele, na ilikuwa haki yake. Alisema maneno ambayo bibi harusi hapaswi kuyajua. Alitembea mpaka bandani akarudi. Kisha akalichukua jani, maana sale ukishaletewa hulikatai, akasema, "Utayashona kwa nini sasa, kwa meno?"

Davis ndiye aliyekuwa na jibu. Huko Mwika alikuwa na shangazi, Theopista, Mkatoliki mwenye kahawa nyingi, maneno mengi, na cherehani ya mkono ya zamani iliyokuwa ikishona vizuri ukiibembeleza. Eunike alihamia kwake na satini yake. Asubuhi alimsaidia kuchuma kahawa, baada ya hapo akashona mpaka jua linapotua, mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Shangazi alikaa kando akimweleza habari za kila mtu wa Mwika, waliokufa na walio hai, bila kuwatenganisha.

Haikuwa rahisi. Dole gumba lilimwasha. Alijikuta akilisugua kwenye meza ya cherehani, juu, chini, na katikati ya mshono kichwa kilikuwa kinaruka na kindege, kinahesabu, kinachomoa. Adhuhuri moja Davis alikuja kuwasalimia akielekea mlimani, naye Eunike akamfuata mpaka kwenye njia.

"Nipe simu yako kidogo. Nataka kuangalia hali ya hewa."

Davis akamtazama. Nyuma yake kilele cha Kibo kilikuwa wazi, cheupe, bila wingu hata la kupangusia meza.

"Hali ya hewa?" akasema. "Inua kichwa."

Eunike aliinua kichwa. Alitaka kumpiga, alitaka kucheka, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na pini, akacheka. Alirudi ndani akafumua bitana aliyoiweka upande usio wake, akaanza upya, na jioni hiyo alimpigia Nesi Margareta kwa kile kitochi, akamweleza alichotaka kufanya. Nesi alimuuliza kwanza kama amekula.

Magauni yalikamilika. Moja lilikuwa na pindo lililopanda upande mmoja kwa upana wa kidole, lakini mpambe mwenyewe alikuwa anakata mauno kiasi kwamba hakuna pindo ambalo lingekaa sawa. Evelyn alicheza katikati yao na jasho la furaha, na wakati wa keki alimwita Eunike mbele ya watu wote kama fundi wake. Rachel alipiga kigelegele kirefu kuliko cha mama wa bibi harusi mwenyewe. Eunike alirudi kwenye kwaya siku ile ile, akakosea kuingia kwenye ubeti wa pili, na mwalimu akamkonyeza aendelee.

Kikundi kilikutana mjini, kwenye chumba kidogo nyuma ya zahanati. Davis alikuwa mlimani, kwa hiyo Eunike alikwenda peke yake. Alitarajia kukuta mabaki ya watu. Alimkuta Mzee Yakobo, mwalimu mstaafu wa Jiografia mwenye tai, aliyekuwa amejaribu kuacha konyagi mara nyingi kuliko alivyojaribu kuacha siasa. Mama mmoja muuza mbogamboga. Na dereva wa bodaboda aitwaye Wilson, wa rika lake, aliyekuwa amejikunyata ndani ya jaketi lisilofungika. Chai ilikuwepo, kama alivyoahidiwa. Mzee Yakobo na mama wa mboga walikuwa wanabishana kama tangawizi imezidi.

Nesi alimpa nafasi. Eunike alisimama, ingawa hakuna aliyemtaka asimame.

"Naitwa Eunike. Ni kindege."

"Mimi ni mikeka," Wilson akasema. "Kubeti mpira. Karibu, dada. Wewe kindege kilikula nini?"

"Cherehani yangu."

Mzee Yakobo akapiga ulimi kwa huruma ya kweli. Wilson akakaa sawa kwenye kiti.

"Cherehani? Kumbe we fundi?" Akavuta zipu ya jaketi lake, ikapanda nusu na kukwama palepale. "Hii imenitesa tangu masika. Inatengenezeka, au ndiyo basi?"

Eunike aliinama, akaishika kwa vidole viwili, akatazama meno yake yalipopishana. Chumba kizima kilinyamaza kumngoja, hata ugomvi wa tangawizi.

"Zipu nzima," akasema. "Ila kichwa kimechoka. Jumanne ijayo njoo nalo mapema, kabla chai haijaisha."